Siti binti Saad na sauti ambazo kinanda hakina

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha kusini mwa Unguja, mnamo mwaka 1880 hivi. Hakuketi darasani kufundishwa kusoma na kuandika, na hakuna aliyemchorea mistari mitano ya noti ubaoni. Hata hivyo ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, na nyimbo zake zilipigwa kutoka Lamu hadi Ngazija. Sisi watu wa pwani tunalijua jina lake. Ninachotaka kueleza leo ni kile alichokijua kwa sikio, kwa sababu hapa Nairobi naona watoto wetu wakiambiwa kwamba kitu hicho ni kosa.

Niko Jericho, Eastlands, miaka mingi sasa. Jumamosi nafundisha watoto wa mtaa kinanda na kuimba. Wengine wazazi wao wametoka bara, wengine wametoka kwetu, na hao wa kwetu asubuhi huwa madrasa kabla ya kuja kwangu. Mwaka juzi mmoja wao, binti wa miaka 11, aliimba kasida kwenye mashindano fulani. Mwamuzi akamkata alama na kuandika kwamba sauti yake imetoka nje ya ufunguo. Mama yake alikuja na ile karatasi mkononi akaniuliza, mwalimu, mtoto wangu hana sikio? Mimi nilikuwepo ukumbini na nilimsikia. Alikuwa na sikio zuri sana, ila lilikuwa limefundishwa ngazi ambayo mwamuzi hakuijua.

Jibu refu la swali la mama yule nimeliona katika maisha ya Siti. Tuanze naye.

Alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa, na jina hilo peke yake linatosha kukueleza Unguja ya wakati ule ilikuwaje. Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku sokoni mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujaondoka majumbani. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, maskini, na kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Binti alifinyanga vyungu, akavibeba hadi mjini na kuvinadi kwa sauti. Watu wa mjini waliijua sauti yake kabla ya kumjua mwenyewe.

Mwaka 1911 alihama Fumba, akahamia mjini kabisa. Mji huo ulikuwa na muziki wake, lakini haukuwa muziki wa watu kama yeye. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta taarabu ya Misri katika kasri lake, na akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, cha wanaume waliopenda taarabu hiyo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Ala zilikuwa udi, kanuni, fidla na tari. Na ngazi za sauti zilikuwa zile ambazo Waarabu huziita maqamu.

Hapo ndipo Siti alipokutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, aliyemfundisha kuimba na kupiga udi. Somo lenyewe lilikuwa la sikio kwa sikio: mwalimu anaimba, mwanafunzi anafuata, akikosea anarudishwa mwanzo. Alijifunza pia kutamka Kiarabu sawasawa na kusoma Kurani kwa mahadhi, na hilo nalo ni shule ya sauti.

Nawaomba tusimame kidogo kwenye suala la ngazi, maana bila hilo hatutaelewa alichofundishwa.

Kinanda cha kawaida, kama kile ninachotumia Jericho, kimegawanya umbali kati ya do ya chini na do ya juu katika hatua 12 zilizo sawa. Kila hatua ni nusu toni. Ngazi ya do, re, mi tunayoimba shuleni na kwenye kwaya huchukua saba kati ya sauti hizo kwa mpango mmoja usiobadilika: toni nzima, toni nzima, nusu, toni nzima, toni nzima, toni nzima, nusu. Ukianzia C, mpango huo hukaa wote juu ya vitufe vyeupe. Ukianzia G, utaona kwamba ukifika F mpango umevunjika, kwa sababu kutoka E hadi F ni nusu tu, nawe ulihitaji toni nzima. Basi unaipandisha F nusu toni, inakuwa F shapu, na mambo yanarudi mahali pake.

Badala ya kuandika shapu kila mara F inapotokea, waandishi wa muziki huiweka mara moja mwanzoni mwa mstari. Hiyo ndiyo alama ya ufunguo, ambayo vijana wa vinanda huiita kii. Inamwambia mpigaji: katika wimbo huu, kila F ni shapu, kwa hiyo do iko G. Ukianzia D utahitaji shapu mbili, A tatu, E nne. Shapu huongezeka kwa mpangilio uleule siku zote: F, C, G, D, A, E, B. Flati huenda kinyume chake: B, E, A, D, G, C, F. Mtoto akitaka kujua do iko wapi, namfundisha hivi: shapu ya mwisho ikiwa ndiyo ti, panda nusu toni umefika do. Kwa flati, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Flati ikiwa moja tu, do ni F. Ukihesabu zote, pamoja na C isiyo na alama yoyote, unapata alama za ufunguo 15. Na kila alama ina nyumba mbili, moja ya furaha inayoanzia do, na nyingine ya huzuni inayoanzia la.

Huo ni mpango mzuri na ninaufundisha kwa moyo wote. Tatizo ni pale mtu anapodhani kwamba mpango huo ndio muziki wote wa dunia.

Chukua maqamu ya Rasti, ambayo mafundi huiita mama wa maqamu. Ukianzia C, sauti yake ya tatu haiko E, na wala haiko E flati. Iko katikati ya hizo mbili. Sauti ya saba nayo iko hivyohivyo, kati ya B na B flati. Kwenye kinanda hakuna kitufe hapo. Kwenye udi ipo, kwa sababu shingo ya udi haina vikato kama gita; kidole kinakaa popote sikio linapotaka. Fidla ni vilevile, na koo la binadamu pia. Maqamu ya Bayati, ambayo wasomaji wengi wa Kurani huanzia nayo, ikiwekwa D huwa na sauti ya pili ya namna hiyo, kati ya E na E flati.

Iko pia Hijazi, ambayo mtu yeyote aliyekua karibu na msikiti ameisikia katika adhana. Hiyo vitufe vyake vipo. Ikianzia D inapita E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Lakini angalia: flati na shapu ziko pamoja. Tafuta katika zile alama 15, hutaiona. Kwa hiyo mtoto anayeimba Hijazi akipimwa kwa alama za ufunguo za kitabu cha shule, ataonekana amechanganya, kumbe amenyooka.

Na maqamu ni zaidi ya orodha ya sauti. Ndani yake mna adabu ya kuingia na kutoka: unaanzia wapi, unapumzika juu ya sauti gani, unahamia maqamu gani katikati ya wimbo na unarudi vipi nyumbani. Yote hayo Siti aliyapata bila karatasi.

Sasa tumrudie. Alipoiva aliunda kundi pamoja na Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Nyumba yake Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa hali ya chini, ikawa mahali pa kukusanyika usiku. Walifanya jambo ambalo taarabu ya kasri haikuwa imelifanya: waliimba Kiswahili. Zile ngazi zilizokuja kwa jahazi kutoka Misri zikavishwa maneno ya wachuuzi, wapagazi na wanawake wa Ng'ambo. Waliimba habari za mahakama, za matajiri, za mapenzi na za dhuluma. Wimbo wake juu ya Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni akatorokea bara huku wanawake waliokuwa na marehemu wakiadhibiwa, ulifanya kazi ambayo leo tungeitarajia kutoka kwa gazeti.

Waliokuwa na nafasi zao hawakupenda. Alitungiwa nyimbo za kumbeza kwa asili yake na kwa sura yake, akiambiwa hana chochote ila sauti. Yeye akajibu kwa nyimbo. Mtumwa akawa Siti, jina la heshima linalomaanisha bibi, na aliitwa kuimba hata mbele ya wakubwa wa kasri.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, yenye lebo ya HMV, iliwapeleka Bombay kurekodi. Fikiria safari hiyo: mfinyanzi wa Fumba anavuka bahari kwenda kuimba mbele ya mashine. Usiku wa Ng'ambo wimbo uliweza kwenda muda mrefu, mwimbaji akirudia ubeti, akicheza na sauti, akihama maqamu kadiri wasikilizaji wanavyomtia moyo. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Ilibidi wimbo ukatwe ukae humo. Hata hivyo santuri ziliuzwa, zikaenda Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na visiwa vya Ngazija, na watu wasiokuwa na mashine walisikiliza kwenye mikahawa na kwa majirani.

Santuri hizo zinanifaa sana darasani, na kwa njia ambayo watu hawaitarajii. Ziliundwa kuzunguka mara 78 hivi kwa dakika, lakini mashine za zamani hazikuwa sawa, nyingine zilikimbia, nyingine zilichelewa. Ukiizungusha santuri mara 83 hivi badala ya 78, wimbo wote unapanda karibu nusu toni. Kwa hiyo nakala tunayosikiliza leo kwenye simu haituhakikishii kama Siti aliimba akianzia C au C shapu. Ufunguo umehama. Lakini umbali kati ya sauti na sauti hauhami. Rasti ikizungushwa haraka inabaki Rasti, na ile sauti ya tatu inabaki katikati palepale.

Watoto wangu wa Jericho waliielewa tofauti ya ufunguo na ngazi kwa mfano huo kuliko kwa ubao wote niliouchafua kwa chaki. Ufunguo ni mahali ulipojenga nyumba. Ngazi ni ramani ya nyumba yenyewe. Mwimbaji mwenye sauti nzito atajenga chini, mwenye sauti nyembamba atajenga juu, na wapiga ala wakamfuata. Vyumba ni vilevile. Yule mwamuzi alipoandika kwamba binti ametoka nje ya ufunguo, alikuwa anazungumzia jambo la pili kwa jina la jambo la kwanza. Binti hakuhama mahali alipoanzia hata kidogo. Alimaliza juu ya sauti ileile aliyoanza nayo, na hilo ni jambo ambalo kwaya nyingi zikiimba bila ala hushindwa.

Msione kwamba ubishi huu ni wa mtaani kwetu tu. Mwaka 1932, Siti akiwa hai na jina lake limeshavuma, wataalamu wa Kiarabu na wa Ulaya walikutana Cairo katika kongamano la muziki wa Kiarabu. Walibishana kama umbali wa do hadi do ugawanywe sehemu 24 zilizo sawa, na kama piano iruhusiwe katika muziki wao au la. India nayo, mwaka 1940, redio ya taifa ilipiga marufuku harmonia hewani, ile yenye kupuliziwa upepo kwa mkono, kwa hoja kwamba vitufe vyake haviwezi kufuata sauti ndogondogo za waimbaji wa Kihindi. Marufuku hiyo ilikaa hadi 1971. Na harmonia hiyohiyo ndiyo iliyoingia taarabu ya Mombasa ikapendwa, kama akodioni ilivyopendwa Unguja, na kama kinanda cha umeme kilivyoshika nafasi katika taarabu ya kisasa.

Sisemi ala hizo zitupwe. Zimetupa nyimbo tunazozipenda na mimi mwenyewe nakula kwa kinanda. Ila tujue tulicholipa. Kila ala yenye vitufe vilivyofungwa ikishika uongozi, mwimbaji hulazimika kusogea. Sauti ya katikati husukumwa juu au chini mpaka ikae kwenye kitufe. Kizazi kimoja hufanya hivyo kwa kujua, kizazi cha pili kwa mazoea, na cha tatu kikisikia sauti ya zamani hudhani mzee anakosea.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, ambaye alipata kuonana naye, aliandika wasifu wake, na kitabu hicho ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo kabisa wa mwanamke katika Kiswahili. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza mengi kwa kumsikiliza Siti, tena kwa njia ileile ya sikio. Chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Na pale Unguja chuo cha muziki cha nchi za jahazi kinafundisha udi, kanuni na fidla kwa vijana, na humo mtu anaweza kujifunza noti za karatasi na maqamu katika jengo moja. Hilo la mwisho ndilo linalonipa moyo, maana linaonyesha kwamba hatulazimiki kuchagua.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa watu wa nyumbani kwanza.

Walimu wa muziki mlioko Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, fundisheni alama za ufunguo vizuri, kwa sababu mtoto asiyezijua atafungiwa milango mingi. Lakini siku hiyohiyo mwonyesheni Hijazi kwenye kinanda, aone kwa macho yake kwamba haimo katika zile 15. Vinanda vingine vya siku hizi vina mahali pa kushusha sauti moja moja kwa robo toni. Tafuteni mahali hapo, shusheni E na B, mpige Rasti mkiwa na watoto. Dakika tano zinatosha kumwondolea mtoto aibu ya miaka.

Waamuzi wa mashindano, kabla ya kuandika kwamba mtoto ametoka nje, sikilizeni alipoanzia na alipoishia. Kama ni palepale, na zile sauti za katikati zinarudi mahali pamoja kila mara, huyo hajapotea. Anayepotea hakosei mara tatu kwa kipimo kilekile.

Na wazazi, mtoto akirudi na karatasi kama ile, msimkataze kasida wala msimtoe kwenye kinanda. Mchezeeni Siti. Nakala zake zina mikwaruzo ya miaka karibu mia, lakini sauti inapita.

Mama yule nilimjibu kwamba binti yake ana sikio, tena ana masikio mawili, moja la madrasa na moja la kinanda, na kazi yangu ni kuyafundisha yajuane. Tangu hapo tumeshapita shapu nne na flati tatu. Anasoma ufunguo kwa karatasi bila kusita. Akimaliza zoezi, huniomba nikizime kinanda, kisha anaimba Bayati peke yake, na wale wengine wa kwaya ya kanisa wameanza kumfuata.

Siti hakuwa na mtu wa kumwandikia alama za ufunguo. Alikuwa na mwalimu aliyemrudisha mwanzo kila alipokosea, na aliyejua kutofautisha kosa na ngazi nyingine. Watoto wetu wanastahili mwalimu wa namna hiyo, wawe Fumba, wawe Likoni au wawe huku Jericho.